Ratiba Kama Tendo la Kwanza: Kusoma Orodha ya Matukio Yajayo, Kutoka Mlimani Hadi Mnyambe

Karatasi yenye kichwa "Matukio Yajayo" ni matini. Ina mwandishi, hata kama jina lake halionekani popote. Ina muundo na mtindo. Ina msemaji na msemezwa. Na ina namna yake ya kuushughulikia wakati. Idara ya Sanaa Bunifu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, kama zilivyo idara nyingine zinazofundisha sanaa za maonyesho na mawasiliano, huishi kwa matini za aina hii: hubandikwa ubaoni, husomwa na wanaopita, na siku hizi husafiri pia kwa simu. Wahakiki wetu wameisoma tamthilia, wamelisoma jukwaa, na baadhi yao wameisoma hadhira. Ratiba wameiruka. Hapa nakusudia kuipa subira ileile tunayoipa tamthilia, na nakusudia kuisoma nikiwa na Mnyambe akilini, kata ya Wilaya ya Newala juu ya uwanda wa Makonde, kwa kuwa watu wa uwanda ule wana ufundi wao wa siku nyingi wa kulitangulia onyesho, na ufundi huo unatuonyesha bayana ratiba ya chuo inaweza nini na imeacha nini.

Tuanze na umbo linaloonekana. Kwa kawaida ratiba ya idara ni jedwali: tarehe kushoto, kisha saa, kisha tukio, kisha mahali, na pengine mwishoni jina la mhusika. Tarehe ikitangulia, jicho la msomaji hupita kwanza kwenye siku na ndipo lifike kwenye sanaa, na kwa hiyo swali la kwanza analojiuliza ni kama ana nafasi siku hiyo; swali la kama anavutiwa huja baadaye. Tukio nalo hupewa mstari mmoja, liwe ni mhadhara wa mgeni wa saa moja, liwe ni usaili wa waigizaji, au liwe ni tamthilia iliyofanyiwa mazoezi miezi miwili. Huu nauita usawa wa safu. Una uzuri wake, maana mwanafunzi wa mwaka wa pili anayeonyesha igizo lake la kwanza anasimama kwa kimo kilekile na profesa anayetoa mhadhara, na hakuna herufi iliyonona kuliko nyingine. Una gharama pia. Kazi nzito na kazi nyepesi huonekana na uzito mmoja, na msomaji asiyejua undani wa idara hana njia ya kutambua kwamba mistari mitatu iliyotawanyika katika wiki kadhaa, yaani usaili, onyesho na mjadala, ni kitu kimoja kinachokua.

Hata hivyo ratiba iliyoandikwa kwa ustadi husomeka kwa njia mbili. Ikisomwa kwa ulalo, mstari kwa mstari, inatoa taarifa. Ikisomwa kwa wima, kutoka tarehe ya juu hadi ya chini, inatoa msuko: kuna mwanzo wa kuwatafuta waigizaji, kuna wiki za kimya ambamo hakuna kilichoandikwa ingawa ndizo wiki zenye kazi nyingi kuliko zote, kuna kilele cha siku mbili au tatu za maonyesho, na kuna mteremko wa mijadala na tathmini. Wiki zile za kimya ndizo zinazonivutia zaidi. Nafasi nyeupe kati ya tarehe mbili ndiyo mahali mazoezi yanapofanyika, na ratiba kwa kutoyataja inayaficha kama pazia linavyoficha wanaojipamba. Mhakiki anayejua kuusoma ukimya katika shairi hana sababu ya kushindwa kuusoma ukimya huu.

Sarufi ya tangazo nayo ina tabia yake. Vitenzi vyake karibu vyote viko katika njeo ijayo na katika kauli ya kutendwa au ya kutendeka: mhadhara utatolewa, tamthilia itaonyeshwa, warsha itafanyika. Watendaji hutoweka, tukio lenyewe ndilo linalosimama kama nafsi ya sentensi, kana kwamba litajitokeza kwa nguvu zake. Kisha, mwishoni kabisa, tangazo hubadili njeo ghafla na kusema kwamba wote mnakaribishwa. Mwaliko uko katika wakati uliopo, sasa hivi, wakati kinachoalikiwa bado hakijawa. Kati ya njeo hizi mbili panafunguka kile ninachopendekeza tukiite pengo la utazamio: kipindi ambacho mtu amekwisha kualikwa lakini hana bado cha kutazama, na ambamo akili yake huanza kulitunga onyesho kabla ya waigizaji kulionyesha. Sanaa yote ya tangazo imo katika namna linavyolishika pengo hilo. Likisema machache mno, pengo linabaki tupu. Likisema mengi mno, kwa muhtasari wa kisa na majina ya waigizaji na maelezo ya dhamira, mtazamaji anafika ukumbini akiwa amekwisha shiba.

Mhusika mmoja hupewa hadhi ya pekee katika tangazo la Kitanzania, naye ni mgeni rasmi. Kimuundo ni mhusika wa ajabu: haigizi, hakuandika, hakuongoza, lakini jina lake hutajwa mapema na kwa vyeo vyake vyote, na kufika kwake ndiko kunakoamua onyesho lianze saa ngapi. Simlaumu; desturi ya kumheshimu mkubwa ni yetu. Nasema tu kwamba katika matini ambayo imewaficha watendaji wote ndani ya kauli ya kutendwa, mtu pekee mwenye jina kamili anakuwa yule ambaye hana kazi jukwaani, na jambo hilo linaielekeza hadhira kutazama safu ya mbele ya viti kabla ya kutazama jukwaa.

Umbo hili lina historia. Idara ya sanaa za maonyesho ilianza Mlimani mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, na mwaka 1975 ikaunganishwa na sanaa za ufundi na muziki. Katika mazingira hayo walifanya kazi Ebrahim Hussein, Penina Muhando, ambaye baadaye tulimjua kwa jina la Penina Mlama, na Amandina Lihamba, na swali lao kubwa lilikuwa la umbo: jukwaa la kisanduku lililoachwa na Mwingereza, lenye pazia na taa na viti vilivyopangwa kumwelekea mwigizaji, lingewezaje kubeba hadithi, ngoma na utambaji wa watu ambao hawakuwahi kutenganishwa na mchezaji kwa pazia? Majibu yao yamo katika kazi zao na yamejadiliwa vya kutosha. Lakini idara ni shule pia, na katika shule onyesho la mwanafunzi ni mtihani. Hapo ndipo ratiba inapopata tabia yake ya kurundikana mwishoni mwa muhula, na ndipo tangazo linapopata wasemezwa wawili kwa pamoja: mtahini ambaye lazima aje, na mtazamaji ambaye anaombwa aje. Sauti inayosema na hao wawili kwa wakati mmoja huyumba. Mwanzo wa tangazo huwa wa kiofisi, na mwisho wake hujaribu kuwa wa kirafiki, na mara chache sana sehemu hizi mbili hushonwa pamoja bila mshono kuonekana.

Udhaifu mkubwa wa "wote mnakaribishwa" ni kwamba halimsemeshi yeyote. Kwa kulipima, ninakumbuka utanzu mwingine wa tangazo ambao Watanzania wa rika langu waliukulia: matangazo ya vifo ya Redio Tanzania Dar es Salaam. Umbo lake lilikuwa kali na halikubadilika. Alitajwa anayesikitika, akatajwa aliyefariki, ikatajwa siku na mahali pa maziko, kisha ikaja sehemu iliyokuwa moyo wa tangazo lote, ile iliyosema habari ziwafikie fulani wa Masasi, fulani wa Tanga, fulani wa Kigoma, na ndugu na jamaa wote popote walipo. Nchi nzima ilisikiliza, lakini watu wachache waliitwa kwa majina, na kwa kuitwa wao sisi wengine tulijijua kuwa wasikilizaji wa pembeni wenye heshima ya kunyamaza. Redio, chombo kinachosema na kila mtu, iliweza kwa ufundi wa orodha ya majina kusema na mtu mmoja. "Wote" wa redio walikuja mwisho, baada ya majina. "Wote" wa ratiba ya chuo huja peke yao, bila mtu yeyote mbele yao, na ndiyo maana hawana uzito.

Sasa twende Mnyambe. Mvua za uwanda wa Makonde huanza kati ya Novemba na Desemba na kukatika Aprili au Mei; mavuno hufuata, na kiangazi kinapokomaa ndipo jando na unyago huingia, kabla au baada ya msimu wa korosho ambao huwashughulisha watu kuanzia Septemba au Oktoba. Siku hizi shughuli hizi hujitahidi kuangukia likizo za shule, kwa kuwa wali ni wanafunzi pia. Kwa hiyo kalenda ipo, na ina nguvu kuliko ile ya ubaoni, lakini haijaandikwa katika jedwali. Siku huwekwa na wazee na makungwi baada ya mashauriano. Hupelekwa kwa jamaa kwa kinywa, mtu akitumwa kwenda kwa mtu. Hurudiwa msikitini na kanisani baada ya ibada. Na sasa hutangazwa pia na pikipiki yenye kipaza sauti. Ninachotaka tukione ni kwamba hizi si njia tatu za kusema jambo lilelile. Ni tabaka. Mjomba wa mwali huambiwa mapema na kwa mdomo wa mtu anayemjua, kwa kuwa anatakiwa achangie. Jirani huambiwa baadaye, kwa kuwa anatakiwa asaidie. Kipaza sauti huja mwisho, kwa wale wanaotakiwa kuja kutazama tu. Mtu anajua nafasi yake katika onyesho kwa kujua aliambiwa lini na aliambiwa na nani. Mwaliko wenyewe umeshamgawia nafasi.

Kuna tabaka jingine lisilotumia maneno, nalo kwa mhakiki wa umbo ndilo lenye utajiri zaidi. Shughuli hutaka chakula na kinywaji, na nafaka ya togwa na pombe lazima ilowekwe, iote, itwangwe, ichachuke. Hatua hizi huchukua siku kadhaa na haziwezi kuharakishwa. Shughuli hutaka maji, na maji juu ya uwanda huu yamekuwa ya shida tangu zamani, kwa kuwa mchanga hunywa mvua yote na chemchemi ziko chini kwenye miteremko. Wazee bado wanazungumzia safari za kushuka na kupanda na mtungi, kabla ya mradi wa maji wa Makonde kufikisha mabomba. Basi mchi unapolia kwenye ua fulani kuliko desturi, na vyombo vya maji vinapopangwa kwa wingi kuliko matumizi ya nyumba, kijiji kinasoma. Tangazo limo katika kazi ya kuandaa, na kwa sababu hiyo haliwezi kudanganya wala kuahirishwa ovyo: pombe ikichachuka imechachuka. Ratiba ya karatasi inaweza kubadilishwa kwa kubandika karatasi nyingine juu yake. Hiyo ndiyo tofauti ya ahadi iliyosemwa na ahadi iliyolowekwa.

Siku yenyewe ikifika, ngoma haianzi kwa kupigwa. Inaanza kwa kupashwa. Wapigaji huwasha moto wa majani makavu, hugeuza nyuso za ngoma kuelekea miali, hupiga pigo moja, husikiliza, hurudisha motoni, hupiga tena. Ngozi iliyolegea hutoa sauti nzito isiyo na ncha. Ikikazwa na joto, sauti hupanda na kukata. Kwa mtu aliye mbali, mapigo haya yaliyoachana, yasiyo na mdundo, yanayopanda kidogo kidogo, ndiyo habari kwamba muda umekaribia, na kadiri yanavyokaza ndivyo yanavyomharakisha. Hapa tangazo na onyesho vimekuwa kitu kimoja, na hakuna mpaka unaoweza kuonyeshwa kwa kidole kati ya kutengeneza chombo na kukicheza. Napendekeza tukiite tendo-tangulizi: kitendo ambacho kwa macho ni maandalizi, kwa masikio ni mwito, na kwa muundo ni sehemu ya kwanza ya onyesho. Sijaona tamthilia ya ukumbini yenye ufunguzi uliobana kazi tatu kwa ukamilifu wa kiwango hicho.

Mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, huendeleza kanuni hiyohiyo mpaka kwenye mwili wa mchezaji. Lipiko, yaani mchezaji aliyevaa kinyago, halitoki mara ngoma zinapoanza. Waimbaji huimba, wapigaji hujaribu midundo, nafasi ya mchezo husafishwa na watu husogezwa nyuma, na kinyago bado hakijaonekana. Kinavaliwa mahali pa faragha, na mchezaji hufunikwa nguo mwili mzima ili hata mkono wake usitambulike. Zamani wanawake na watoto hawakutakiwa kujua kwamba ndani yake kuna mtu. Vinyago vya umbo la kofia, vilivyoenea zaidi upande wa Msumbiji, humfanya mchezaji aone kupitia tundu la mdomo, hivyo uso unaotazamwa na watu umeinuliwa juu ya uso unaotazama. Upande wetu wa Ruvuma viko pia vinyago vya uso, na vile vya kiwiliwili vyenye tumbo la mama mjamzito. Lipiko linapotokea hatimaye, hutokea kwa vipande: hukaribia, husimama, hurudi nyuma, huzunguka, huacha ngoma ziulize na lenyewe lijibu kwa njuga. Kila kusimama ni tangazo dogo la kitakachofuata. Pengo la utazamio, ambalo kwenye ratiba ya chuo ni la wiki kadhaa na liko nje ya onyesho, hapa limekatwakatwa na kuingizwa ndani ya onyesho lenyewe, sekunde kwa sekunde.

Miongoni mwa watu wa kwanza kujaribu kuihifadhi sanaa ya uwanda huu kwa mashine alikuwa Karl Weule, Mjerumani wa jumba la makumbusho la Leipzig, aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906 akiwa na fonografu na kamera ya filamu. Vita vya Maji Maji vilikuwa havijatulia sawasawa. Misheni ya Masasi ilikuwa imeshambuliwa mwaka uliotangulia. Alichokusanya ni hazina na ninashukuru kipo. Lakini silinda ya nta ya fonografu ilibeba dakika chache tu za sauti, na mwenye mashine ya aina hiyo hawezi kuitumia kwa ngoma inayopashwa. Lazima asubiri wimbo uwe umekolea ndipo aweke sindano. Kwa umbo lake lenyewe chombo kilimlazimisha kurekodi kilele na kuacha mwito. Miongo mingi ya uandishi kuhusu ngoma za Kusini imefuata mkato huohuo bila kujua: inaeleza kinyago, inaeleza hatua za miguu, inaeleza maana ya mila, na inaanza pale ambapo watu wote wameshafika.

Waandishi wa Mlimani waliona kwamba mwito ni sehemu ya onyesho, ingawa waliliweka jambo hilo ndani ya tamthilia na si ubaoni. Katika *Nguzo Mama* ya Penina Muhando, iliyochapishwa mwaka 1982, Bi Msimulizi hufanya kazi ya mtangazaji: yeye ndiye anayetuingiza kijijini Patata, yeye ndiye anayetuandaa kwa jaribio la wanawake kuisimamisha nguzo, na yeye ndiye anayekatiza na kutoa hukumu kabla hatujamaliza kuona. Muhando amelichukua tangazo, ambalo desturi ya jukwaa la kisanduku ililiacha mlangoni pamoja na tiketi, akalipa mwili na sauti na kuliweka mbele ya macho yetu. Matokeo yake ni kwamba mtazamaji haruhusiwi kuwa mgeni kwa muda mrefu. Anasemeshwa, na akisemeshwa anawajibika.

Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, alikwenda mbali zaidi. *Kinjeketile*, ya mwaka 1969, ni tamthilia kuhusu tangazo. Kihistoria, kabla ya Vita vya Maji Maji, habari za maji ya Kinjeketile zilisambaa kwa kunong'onezana kulikoitwa njwiywila, mtu akimpa mtu, bila ubao, bila mbiu, chini ya masikio ya Mjerumani. Hussein anaujenga mgogoro wake juu ya umbo hilo la mawasiliano: ujumbe umetolewa, tukio halijawa, na watu hawawezi tena kungoja. Kinjeketile anawataka wasubiri. Ujumbe wenyewe unawataka wasimame. Pengo la utazamio linakuwa mahali pa hatari kubwa, kwa sababu katika pengo hilo ujumbe unamponyoka aliyeutamka na kuwa mali ya waliousikia. Wengi wameisoma tamthilia hii kama mjadala kuhusu umoja, imani na siasa, nao wana haki. Mimi naiona pia kuwa maelezo makini kuliko yote tuliyonayo katika Kiswahili kuhusu kile kinachompata mtu aliyeambiwa kwamba jambo linakuja.

Nje ya chuo, idara hiyohiyo ilikwisha kulijibu swali la msemezwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walimu wake walikwenda Malya, Mkoa wa Mwanza, kufanya sanaa za maonyesho kwa maendeleo, na Mlama aliandika kuhusu njia hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1991. Utaratibu wake ulikuwa kuanza na utafiti pamoja na wanakijiji, kuchambua tatizo nao, kutunga nao, kuonyesha, kisha kujadili. Mwaka 1996 ukaja mradi wa Tuseme, ulioanzishwa na idara pamoja na shirika la FAWE kwa ajili ya wasichana wa sekondari, ambao nao uliwaanzisha wanafunzi kwenye matatizo yao wenyewe na kuwafikisha jukwaani. Katika mbinu hizi hakuna haja ya kumwambia mtu "unakaribishwa", kwa kuwa siku ya onyesho inafika akiwa ameshashiriki wiki nzima. Hadhira imeumbwa na maandalizi, sawasawa na inavyoumbwa Mnyambe. Idara iliyoweza hayo Malya inarudi Mlimani na kubandika jedwali la safu tano. Jambo hili linaniuma, kwa sababu maarifa yapo na walioyavumbua ni wao.

Njia ya ratiba ya chuo na njia ya ngoma ya uwanda hukutana kwenye tamasha la MaKuYa, ambalo tangu mwaka 2008 limekuwa likiwakutanisha mkoani Mtwara wasanii wa ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao. Tamasha haliwezi kuishi bila ratiba ya aina ya chuo: vikundi ni vingi, vinatoka mbali, jukwaa ni moja, na kila kimoja lazima kijue zamu yake. Naliunga mkono tamasha hili kwa moyo wote, kwa kuwa limewapa vijana wa vijijini sababu ya kujifunza hatua ambazo babu zao walikuwa wamebaki nazo peke yao. Lakini zamu ya dakika chache hukaribiana na silinda ya Weule. Lipiko lililotungwa kutokea kwa vipande linalazimika kutokea kwa mkupuo. Kusimama kunafupishwa, na kurudi nyuma kunaachwa kabisa kwa hofu ya muda. Kipimo cha kikundi bora katika mazingira hayo, kwa jicho langu, ni kile kinachojua kuokoa angalau kusita kumoja. Kikundi kinachothubutu kusimama kimya mbele ya umati katikati ya dakika zake chache, ngoma zikiuliza na kinyago kikikataa kujibu, kimeuelewa mchezo wake kuliko kile kinachojaza kila sekunde.

Upande wa chuo, kurekebisha umbo la ratiba hakuhitaji bajeti. Kunahitaji mtu anayeandika akijua kwamba anaongoza onyesho. Ninyi mtakaoiandaa ya muhula ujao, iwe Mlimani, Bagamoyo, Mtwara au kwingineko kunakofundishwa sanaa na mawasiliano, yaandikeni majina ya watendaji kabla ya jina la mgeni rasmi. Wiki za mazoezi zisiachwe nyeupe. Tengeni jioni moja ya mazoezi ya wazi na muiandike kama tukio kamili. Onyesho likitokana na ngoma, wekeni saa ya kupasha ngoma na muiite hadhira kwa saa hiyo, si kwa saa ya kuanza. Wataarifuni kwanza wale ambao kazi imetoka kwao, kwa mjumbe na kwa majina yao, na tamthilia ikiwa imechota kwenye jando la Newala, basi nakala ya kwanza ya tangazo isomwe Newala, Kitangari na Mnyambe kabla haijabandikwa kwenye ubao wa idara.